Mashahidi wa Msafiri

Naanza kwa jina la Mola, anayemjua aondokaye na abakiye, ambaye mbele yake hakuna mgeni. Namwomba aulinde ulimi huu usimsingizie maiti wala usimwonee aliye hai. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyekua yatima, akauhama mji aliozaliwa, akayajua machungu ya njia. Baada ya hayo, nawapanga watu wa kisa hiki kwa daraja zao, ili msomaji asipotee.

Wa kwanza ni Mama. Ni mjane aliyekula chumvi nyingi. Miguu imemkataa na macho yameingia ukungu, lakini masikio yake, wajukuu husema, humsikia hata paka akiwaza.

Wa pili ni mwanawe mkubwa, Maalim. Husomesha watoto chuoni, husalisha watu imamu akiwa hayupo, na mtaa mzima humletea mashauri ya mirathi na talaka. Mkewe humtania kwamba hata akipiga chafya hutafuta kauli ya wanavyuoni kabla ya kujifuta pua.

Wa tatu ni mdogo wake, Fundi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za majumba marefu. Aliondoka nyumbani kijana, kwa mkataba mfupi, kwenda mji wa mbali wenye baridi. Siku aliyoaga, Mama bado alikuwa akijisuka nywele mwenyewe. Hakurudi tena.

Wa nne ni Koti, mtu wa nyumbani, dereva wa lori la masafa marefu katika mji huo huo. Aliitwa hivyo kwa sababu hakulivua koti lake hata jua lilipowaka.

Wa tano ni Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mwenyeji wa mji ule, mwenye baa ndogo ya mvinyo. Fundi ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa alimgombeza kama dada wa baba anavyogombeza. Na wa sita ni Mfamasia, jirani yake, mzee mpole ambaye duka lake la dawa na baa ile vilichangia ukuta mmoja.

Basi hao ndio watu, na mambo yalikuwa hivi.

Asubuhi moja simu ya Maalim ililia akiwa chuoni, watoto wakisoma kwa sauti. Alikuwa Koti.

"Maalim, uko wapi? Kaa kwanza."

"Nimekaa. Sema."

"Fundi hatunaye. Kifua kilimbana. Mimi nilikuwa safarini na lori, nimerudi leo nikamkuta hospitali, lakini ndiyo hivyo, nimemkuta ameshatangulia."

Maalim akatamka neno linalotamkwa msibani, akawafungulia watoto waende makwao, kisha akaenda kwa Mama. Hakuwa amefungua mdomo, Mama akasema, "Huo si mwendo wako. Nani amekufa?"

Alipomwambia, Mama hakupiga kelele. Alizivuta ncha za kanga yake, akazifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Niletee mwanangu," akasema.

"Mama, wanavyuoni wanasema maiti azikwe alipofia. Ndivyo ilivyo bora."

"Nimekuuliza wanavyuoni mimi? Hao wanavyuoni ndio waliomzaa? Nimemngoja akiwa hai, kila mwaka naambiwa kazi, kazi. Kazi gani hiyo isiyo na likizo? Sasa nataka niupapase uso wake, basi. Nikishaupapasa, mfukieni mnapotaka. Niahidi."

Maalim alizijua hoja zote, lakini aliujua na uso ule. "Nakuahidi, Mama," akasema.

Hivyo akapanda ndege, yeye ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Hija, akafika katika mji ule mchana, Koti akampokea. Walikwenda kwanza kuweka sahihi zilizohitajika. Wakaambiwa jeneza limepata nafasi kwenye ndege ya kesho asubuhi; hadi hapo, mwili utabaki hospitali.

Wakiwa njiani kwa miguu kwenda kwenye chumba cha marehemu, Koti, mkoba wa Maalim begani, alizungumza mfululizo, kwani alikuwa mtu asiyeweza kunyamaza na huzuni.

"Ndugu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi, Maalim! Alitutoa jasho msikitini. Miaka yote hii hapa, anasali sala ya safari. Adhuhuri rakaa mbili, alasiri rakaa mbili, katoa salamu, huyo. Wazee wakimwuliza, anawaambia: mimi msafiri, naondoka mwezi ujao."

"Mwezi ujao upi?"

"Ndilo swali! Mwezi wake ulikuwa hauandami."

Maalim karibu atabasamu, kisha uso ukakunjamana. "Mtu aliyekaa umri mzima mahali pamoja anapunguzaje sala?"

"Hivyo hivyo walimwambia. Walimwambia sala zako zote hazifai. Akasema, nia yangu mnaijua nyinyi? Basi pakachimbika. Mwisho akawa anasali chumbani kwake, hatumwoni. Na hapo ndipo maneno yakaanza, mara ameonekana kwenye..." Koti akakohoa. "Tembea, Maalim, baridi hii haina adabu."

Maalim angeuliza, lakini walikuwa wamekata kona na kuingia katika mtaa mwembamba uliotandikwa mawe, Koti akasimama nyuma kufunga kamba ya kiatu. Mbele, Maalim akaona jambo lililomtuliza moyo kwa mara ya kwanza tangu simu ile. Nje ya mlango uliokuwa wazi palipangwa viti ukutani, vya kila namna, kama viti vilivyoazimwa nyumba hadi nyumba. Watu wazima walikaa juu yake wakizungumza kwa sauti ya chini, na wengine walinyamaza tu, mikono magotini. Ndani taa zilikuwa hafifu. Akajua: hapa pana matanga. Akasema moyoni, kumbe ndugu yangu alikuwa na watu.

Akavua viatu kizingitini, akaingia. "Salamu alaikum. Poleni. Mungu atupe subira." Akaanza kwa aliyekuwa karibu, akampa mikono miwili, akaenda kwa wa pili, kwa wa tatu, mpaka akawamaliza. Hawakujua lugha yake, lakini kila aliyefikiwa alisimama. Meza zilikuwa za mbao, zimebaki alama za duara za bilauri za miaka mingi. Pembeni palikuwa na kochi lililobonyea katikati na rafu ya vitabu vilivyosomwa hadi vikachanika migongo. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, karibu na mlango. Akakikalia, akainamisha kichwa, akasoma kimya kimya anayoyasoma mtu kwa ajili ya maiti. Alihisi wote wakimtazama, akadhani ni heshima kwa mfiwa.

Mara Koti akatokea mlangoni, macho yamemtoka.

"Maalim! Toka humo!"

"Shusha sauti. Huoni watu wako msibani?"

"Hii baa, Maalim."

"Hii nini?"

"Baa! Baa ya mvinyo! Inua macho!"

Maalim akainua macho. Ukuta mzima uliokuwa mbele yake, kutoka sakafuni hadi darini, ulikuwa chupa, zimelazwa ubavu, shingo nje. Alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka, akakusanya kanzu yake, akatoka na viatu mkononi.

Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye aproni nyeusi, akamfuata hadi barabarani. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, kwa namna ambayo mtu hajui kama ampe pole au amkemee.

"Hivyo hivyo!" akasema kwa Kiswahili cha kuungaunga alichojifunza kwa Fundi. "Aliingia hivyo hivyo! Kaka Mkubwa, usiondoke. Yeye pia alikosea mlango."

Maalim akasimama, si kwa sababu ya mwanamke, bali kwa sababu ya jina. Kaka Mkubwa. Hakuna aliyemwita hivyo duniani ila mmoja.

Hakukubali kurudi ndani. Mfamasia, aliyekuwa miongoni mwa waliokaa nje, akaelewa bila kuambiwa, akafungua duka lake, akatoa mabenchi mawili, akayaweka mbele ya mlango wake mwenyewe, akasema kitu ambacho Koti alikitafsiri: "Anasema kaa hapa, kwake hakuuzwi kinachomlevya mtu ila dawa ya kikohozi, nayo kwa kijiko." Maalim akaketi. Kila Shangazi alipoishiwa na maneno, Koti alimkamilishia.

Shangazi akasimulia. Baa ile ilianzishwa na baba yake. Baba alipofariki, alifunga kwa muda mfupi kisha akafungua tena. Wateja walirudi, wakakaa walipokaa siku zote, wakaongea habari za mvua na mbwa wao, na hakuna aliyemtaja marehemu, kwa kuogopa kumuumiza. "Walikuwa wema," akasema. "Wema wao uliniziba koo."

Ndipo jioni moja akaingia kijana mgeni, mavazi ya kazi yana mafuta ya mitambo. Alikuwa na siku chache tu katika mji ule, akitoka kazini. Aliona viti nje, mlango wazi, taa hafifu, sauti za chini. Alivua kofia, akawapa mikono wote mmoja mmoja, akisema pole kwa lugha ya pale aliyoivunjavunja, akaketi karibu na mlango, akainamisha kichwa. Shangazi akamwendea, akamwuliza anakunywa nini.

"Akasema, hapana, dada, ahsante. Nani amekufa? Mimi nikasema, baba yangu. Nikakaa juu ya kreti nikalia. Mara ya kwanza. Mbele ya watu wote."

Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, kwa kuwa kwao msiba haujiwi mara moja ukatosha. Ilipita muda ndipo akagundua kwamba watu walikuwa wakilipia walivyokunywa. Aliona haya hata akabadili njia ya kutoka kazini. Lakini baadaye akarudi mwenyewe. Aliwaambia amezunguka mji mzima, na hajapata mahali pengine ambapo mlango uko wazi na mtu anakaa bila kuulizwa amefuata nini. Wakampa kile kiti, na maji yenye ndimu. Naye akawatengenezea lifti ndogo ya kupandishia makreti kutoka chini ya ardhi, iliyokuwa imekufa tangu enzi za yule baba.

"Leo hatukuuza kitu," Shangazi akasema. "Tumetoa viti tu. Alitufundisha yeye. Alisema mtu akifa, toeni viti nje."

Maalim akatazama chini, kwenye mawe. Alipoinua uso akasema, "Mungu akulipe kwa wema wako. Kesho namchukua ndugu yangu nyumbani. Mama yake anamngoja."

Shangazi na Mfamasia wakatazamana. Mfamasia akamwambia Koti maneno machache, na Koti akasita kuyatafsiri.

"Sema," akasema Maalim.

"Wanasema... Wanasema aliusia, Maalim. Hospitali, siku ya mwisho. Walikuwa wawili hao tu. Aliusia azikwe hapa."

"Hapa? Kwa nini hapa?"

Shangazi akajibu mwenyewe. "Ana binti hapa. Amelala hapa, makaburini kwenu."

Koti akadakia. "Binti? Mimi simjui binti!" Na ni kweli hakumjua, kwani wakati ule hakuwa amehamia mji huo.

Nyumbani walijua kwamba Fundi alioa huko, mwanamke mshonaji wa mapazia, kisha wakaachana. Ya mtoto hawakuyajua. Alizaliwa dhaifu, akaishi muda usiotosha hata kukaza shingo, akafa. Fundi alimzika yeye mwenyewe asubuhi, akarudi chumbani kwake, na kabla hajanawa udongo, simu ikalia kutoka nyumbani: baba yake amefariki.

Maalim aliikumbuka simu ile, maana ndiye aliyeipiga. Aliikumbuka sauti iliyopasuka upande wa pili, kilio kisichofanana na kilio cha mtoto kwa baba mzee aliyeugua siku nyingi. Alimwambia, "Jikaze, mdogo wangu, Baba alikuwa mtu mzima, ameishi." Na Fundi akasema, "Ndiyo, Kaka Mkubwa, ameishi," akazidi kulia.

"Hakutaka kumpa Mama misiba miwili kwa siku moja," Shangazi akasema. "Akasema nitamwambia baadaye. Kisha baadaye ikawa ndefu mno. Ukichelewa sana, unaanza na neno gani?"

Maalim akasimama. Kope zake zilikuwa zimelowa, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyeketi kuhukumu. "Wasia una sheria yake. Hutaka mashahidi wawili waadilifu wa dini ya aliyeusia. Nyinyi ni watu wema, lakini si watu wa kushuhudia hili. Nimemwahidi mama yangu. Siwezi kumwendea mikono mitupu kwa neno la... kwa neno la baa." Akachukua mkoba wake mikononi mwa Koti, akamfuata hadi nyumba ya mwisho wa mtaa, akapanda ngazi kwenda chumbani kwa marehemu.

Kilikuwa chumba cha mtu nadhifu. Vyombo vya kazi vimepangwa juu ya kitambaa, kutoka spana kubwa hadi ndogo. Suruali imekunjwa juu ya kiti. Mswala umetandikwa, umechakaa mahali pa paji la uso na mahali pa magoti. Alasiri ilikuwa imeingia. Maalim akatawadha kwa maji baridi, akasimama juu ya mswala wa nduguye. Alikuwa msafiri, akasali rakaa mbili, akatoa salamu. Na kwa kutoa salamu ile, kabla hajanyanyua mikono kuomba, jambo zima likamwangukia.

Kwa maana ipo sheria nyingine, naye aliwasomesha wengine mara nyingi bila kudhani itamfika: kwamba mtu akifikwa na mauti safarini, asipate mashahidi wa dini yake, basi hushuhudia wawili wa dini nyingine, na huapishwa baada ya sala. Hiyo ni ruhusa ya msafiri, si ya mkaazi.

"Koti," akaita. Koti alikuwa ngazini akivuta pumzi. "Yule ndugu yangu, alipokuwa akisema mwezi ujao, alikuwa akifanya mzaha?"

"Mzaha? Hapana, Maalim. Ndicho kilichotukasirisha. Alikuwa akisema kweli tupu. Kila mwaka alikuwa akiaga. Mimi mwenyewe ameniaga sijui mara ngapi. Anaaga, anakwenda makaburini kuaga na huko, sisi tunadhani anakwenda kuwaombea maiti tu. Akirudi huko, haondoki."

Maalim akakaa mkao wake, akipima. Nikisema ndugu yangu alikuwa mkaazi, akawaza, mashahidi wake wanaanguka, nami nampelekea Mama mwanawe, na ahadi yangu inatimia. Lakini hapo nimewapa haki wale waliosema sala zake hazifai. Nimezibomoa kwa mkono wangu sala za umri mzima. Na nikisema alikuwa msafiri, kama walivyosema baadhi ya wanavyuoni kwamba asiyenuia kukaa ni msafiri hata miaka impite, basi sala zake zinasimama, na mashahidi wake wanasimama, na anayepoteza ni mama yangu.

Akainuka juu ya mswala. Kisha akasema, "Waite wale wawili. Mmoja mmoja."

Akaanza na Mfamasia, Shangazi akingoja ngazini. Alimwapisha kwa Mungu kwamba hauuzi ushahidi wake wala hafichi, kisha akamwuliza, Koti akitafsiri. Kisha Shangazi. Aliingia amevua aproni, amefunga kitambaa kichwani kwa heshima ya chumba, amekifunga vibaya. Maneno yao yalikubaliana, ila Mfamasia alisema ilikuwa kabla ya daktari kuingia, na Shangazi alisema baada. Na Maalim alipendezwa na tofauti hiyo, kwani waliopanga uongo hulingana mno.

"Nina swali moja zaidi," akamwambia Shangazi. "Alikunywa?"

"Maalim!" Koti akaruka. "Swali hilo la nini? Mtu ameshakufa!"

Shangazi akaangalia mikono yake. "Naweza kunyamaza?"

"Umeapa."

"Alikunywa. Msimu mmoja wa baridi. Mtoto amekufa, mke ameondoka. Nilimuuzia mimi. Kisha nikamkatalia, nikamgombeza, akaenda kununua kwingine. Halafu siku moja akarudi, akakaa kwenye kiti chake, akaomba maji na ndimu. Hakugusa tena. Wallahi." Neno hilo la mwisho nalo alifundishwa na yeye.

Maalim akafumba macho. Lilimchoma, kwa kuwa hakuna kaka anayetaka kulisikia. Lakini alijua pia kwamba mtu anayetaka kukubaliwa na mzee mwenye kilemba angelisema hapana, hakunywa tone. Mwanamke huyu alilijua jibu litakalompendeza, akatoa lile la kweli.

"Ushahidi wenu nimeupokea," akasema. Kisha akajifunika uso kwa ncha ya kilemba, na wale wawili wakatoka taratibu, kila mmoja akimpisha mwenziwe mlangoni.

Sasa ikabaki simu. Koti alimwambia aingoje asubuhi, Maalim akakataa. Alisema jambo hili lilikwisha kusubiri vya kutosha katika familia ile. Kule nyumbani mkewe akapokea, akampelekea Mama.

"Mnafika saa ngapi?" Mama akauliza. "Nimeshawaambia wanitoe mpaka barazani."

"Mama."

Ilikuwa desturi yake kuisikia habari katika namna mtu alivyomwita.

"Humleti," akasema.

"Ameusia azikwe hapa, Mama. Ana mtoto hapa kaburini. Binti. Alizikwa siku ile aliyokufa Baba. Hakutaka kukuongezea."

Maalim alisikia upande wa pili kikombe kikiwekwa chini, na jirani akiuliza kuna nini, na Mama akimwambia nyamaza wewe. Kisha Mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo Maalim hakuwahi kuisikia, "Kwa hiyo wakati wote ule mimi nalia, naye analia, kila mtu kwake."

"Ndiyo, Mama."

"Walimwita nani?"

Koti alikwisha kumwambia jina. Alilisikia kwa Mfamasia ngazini.

"Walimwita wewe, Mama."

Hapo ndipo Mama alipolia, na hakulia kama mwanamke mzee. Alilia kwa sauti ya mtu mwenye nguvu zake. Maalim hakumwambia ajikaze. Alishika simu sikioni akangoja, mpaka kilio kikapungua kikawa pumzi.

"Wewe," Mama akasema mwishowe, "utanipapasia uso wake wewe. Paji, na mashavu yote mawili. Usiwe na haraka kama unavyosalisha."

"Sitakuwa na haraka."

"Kisha mlaze karibu naye. Mtoto wa kike halali peke yake ugenini hivyo. Nenda, nimekuvua ile ahadi."

Jeneza halikupanda ndege. Asubuhi Maalim alimkosha ndugu yake kwa mkono wake, Koti akimmiminia maji, na kwa mara ya kwanza watu wakamwona Koti bila koti, mikono ya shati imepandishwa, analia bila kujificha. Kabla ya kumfunika uso, Maalim aliupapasa. Paji, na mashavu yote mawili. Alikaa sana. Wazee wa msikiti walikuja, hata wale wabishi. Maalim aliwaambia mbele ya maiti kwamba ndugu yake alikuwa msafiri na sala zake ni za msafiri, na hakuna aliyeinua sauti. Wakamsalia, wakamlaza katika udongo mzito wenye baridi, ubavuni mwa kaburi fupi ambalo jiwe lake lilikuwa limesafishwa karibuni na mtu aliyelizoea.

Watu wa baa walisimama nyuma ya ukuta mdogo wa makaburi, wasijue kama wanaruhusiwa kuingia. Maalim akawafuata, akawapa mikono wote, akaanza na Shangazi.

"Pole, dada," akamwambia. "Umefiwa."

Naye Shangazi, aliyekwisha kufundishwa jibu lake, akasema, "Tumefiwa, Kaka Mkubwa."

Ewe Mola usiyechoka kuombwa, aliyeondoka yuko kwako, na hukumu yake tunakuachia Wewe, Mwingi wa rehema. Tunakuomba kwa ajili ya waliobaki. Mpe mama yule usingizi, na umjalie kukutana na sura aliyoikosa na sura ambayo hakuijua. Mtie kaka nguvu ya kubeba kile alichochelewa kukisikia. Mhifadhi Koti katika njia zake ndefu. Na wale wawili waliosema kweli walipoapa, wasio wa safu zetu, waongoze kwenye heri uijuayo, usiwaache wakae na huzuni yao bila mtu wa kuwaambia pole. Na kila aliye mbali na kwao, mpe mlango ulio wazi. Amin.